Siku za Kusubiri Upasuaji Zisiishie Kitandani

Mgonjwa akishapangiwa tarehe ya upasuaji mkubwa wa tumbo, jamaa zake humhurumia. Jembe na ndoo huwekwa kando, naye huambiwa apumzike atunze nguvu. Huruma hiyo ni njema, lakini mara nyingi humfikisha chumba cha upasuaji akiwa dhaifu kuliko siku alipoandikishwa.

Baada ya upasuaji, mwili huhitaji oksijeni nyingi zaidi ili kidonda kipone na viungo virejee katika kazi zake. Wakati huohuo, dawa ya usingizi na maumivu ya mshono humfanya mgonjwa avute pumzi fupifupi. Sehemu za chini za mapafu hunywea, makohozi hutuama, na nimonia hupata mlango. Moyo na misuli iliyozoezwa mapema huukabili mzigo huo ikiwa na akiba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa 441 wa Australia na New Zealand waliosubiri upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelekezo. Miongoni mwa waliofundishwa pia mazoezi ya kupumua na mtaalamu wa fiziotherapia kwa dakika 30, asilimia 12 walipata matatizo ya mapafu. Miongoni mwa wenzao, asilimia 27. Mafunzo hayo hayakuhitaji mashine ya gharama.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliofanywa katika nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba mgonjwa wa bara hili ana uwezekano maradufu wa kufa baada ya upasuaji akilinganishwa na wastani wa dunia, ingawa kwa kawaida ni kijana zaidi. Hospitali zenye wauguzi wachache usiku zina sababu kubwa zaidi ya kuzuia matatizo kabla hayajatokea.

Ni kweli kwamba upasuaji wa dharura hausubiri, na mwenye maumivu ya kifua au upungufu mkubwa wa damu hana budi kupimwa kwanza. Wala mazoezi yasiwe kisingizio cha kumchelewesha mwenye saratani. Kwa wengine, kadi yenye tarehe ya upasuaji iandikwe pia dozi ya mazoezi: kutembea kwa kasi kila siku, kuvuta pumzi ndefu, na kuacha sigara. Muuguzi wa kliniki akielekezwa vyema anaweza kuyafundisha hayo siku hiyohiyo.