Mtoto na Rangi: Mfululizo wa Dada Nesi, Sehemu ya 9

Mama zangu, na baba mliojificha humu mkisoma kimya kimya, nawaona 😄

Jumamosi nilikuwa off, nikambeba mwanangu wa miaka minne tukapanda daladala Mbagala Rangi Tatu. Kabla hata hatujaondoka ananiuliza, "Mama, rangi zenyewe tatu ziko wapi?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tukazitafute. Akaanza na mistari ya ubavuni mwa daladala, ile inayotuonyesha gari linaenda wapi. Tukashuka Posta tukaenda kuliangalia kanisa la Azania Front, kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu. Tukazunguka hadi Kisutu kwenye mahekalu ya Wahindu. Mtoto alisimama, mdomo wazi. Tuliporudi nyumbani hakuuliza simu, aliomba karatasi.

Mimi naamini hivi: mtoto hahitaji kupelekwa Dubai ili afunguke akili. Nauli ya daladala, chupa ya maji na mama anayejibu maswali vinatosha. Kumwonyesha jengo na kumuuliza "hii rangi gani, mlango una umbo gani?" ni malezi, sio kupoteza muda.

Mkiwa Kinondoni, piteni Oysterbay kwenye kijiji cha wachoraji wa Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za dukani. Na aliwahi kuwa msaidizi wa wodini Muhimbili, kwa hiyo sisi wa wodini tuna haki ya kujidai kidogo!

Sasa hapa ndipo nesi anaingia. Ukirudi na hamu ya kupaka chumba cha mtoto njano na chekundu, paka, mimi nakuunga mkono. Ila usinunue rangi kwa macho tu. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zile kali kama njano, nyekundu na chungwa, huwekwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo polepole. Hakuna homa wala kuharisha kwa kukushtua. Unaweza kuja kusikia tu shuleni kwamba mtoto "mzito". Kwa mjamzito inapita hadi kwa aliye tumboni.

Na watoto wetu mnawajua: kitanda kinatafunwa, dirisha linalambwa, mikono ya vumbi mdomoni.

Kwa hiyo:

1. Ukutani tumia rangi ya maji. Soma kopo, tafuta palipoandikwa kwamba haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kisizidi 90 ppm. Kopo lisilo na maelezo, liache dukani.

2. Fundi asipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani. Aloweshe kwanza. Mjamzito na watoto watoke mpaka pafutwe kwa tambara bichi.

3. Rangi inayobanduka kwenye kitanda au mlango usiifumbie macho.

4. Mikono kwa sabuni kabla ya kula. Dagaa, maharage na mboga za majani visikose, maana mtoto mwenye upungufu wa madini chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

Najua kuna atakayesema, "Dada nesi, sisi tumepanga, mwenye nyumba hataki hata msumari." Sawa. Bandika michoro ya mtoto ukutani. Wangu ameshachora mahekalu mawili na daladala moja, lina mistari saba. Nilipomwambia ziko tatu tu, akaniambia nimehesabu vibaya.

Wiki hii mtoe mtoto wako. Ukirudi, niandikie hapa chini aliona nini.