Bahari Haikufungwa

Aprili 12, 2020 Tanzania ilisimamisha ndege zote za abiria za kimataifa kwa sababu ya maradhi ya korona, na anga haikufunguliwa tena mpaka Mei 18. Hoteli za Nungwi na Paje zikafunga milango, na vijana wetu waliokuwa wakizifanyia kazi wakarejea majumbani mikono mitupu. Wakati ule wapo waliojiliwaza kwamba balaa moja litazuia jingine: kama wageni hawaingii, basi na unga hautaingia.

Hesabu hiyo ilikuwa ya makosa. Aliyezuiwa ni mbebaji anayemeza kete na kupanda ndege. Mwenye mali hakuzuiwa. Mwezi ule wa Mei, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilieleza kwamba heroini iliyokamatwa katika Bahari ya Hindi ilionyesha dalili ya walanguzi kuziacha njia za nchi kavu, zilizojaa vizuizi, na kuielekea njia ya kusini. Njia hiyo huanzia pwani ya Makran, nchini Iran na Pakistan, nayo huteremka hadi mwambao wetu. Wala si ngeni: Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja baharini mashariki ya Mombasa. Na Aprili 2021, maradhi yakiwa bado yametanda duniani, vyombo vya dola vya Tanzania vilikamata zaidi ya kilo 800 katika bahari ya Kilwa.

Hapa ndipo tunapotaka wakuu wetu watusikilize. Kilo zilizokamatwa hutueleza zilizokamatwa tu; zilizopita hazina karani wa kuziandika. Uwanja wa ndege usio na abiria hautoi washitakiwa, na afisa mvivu anaweza kuuita upungufu huo ushindi. Jahazi kubwa halina haja ya kutia nanga bandarini Malindi. Husimama mbali, likapokewa usiku na boti ndogo, na mzigo ukateremshwa katika bandari bubu, ambazo Unguja na Pemba zimejaa. Masheha wanazijua. Wavuvi wanazijua zaidi, lakini mvuvi hatasema ikiwa anaamini kwamba jina lake litamfikia mwenye mzigo kabla ya kulala jua.

Mtumiaji naye asisahauliwe. Unga unapopungua, teja haachi. Hupatwa na arosto, akanunua chochote kilichochanganywa na chochote, au akashirikiana sindano na wenziwe, na UKIMWI na homa ya ini zikapata njia. Kwa hiyo upungufu wa unga mitaani, hata ukiwa wa kweli, hauwi salama bila ya matibabu. Methadoni ilianza kutolewa hapa Zanzibar mwaka 2015. Ni dawa inayotaka mgonjwa afike kuinywa kila siku, na siku anayokosa nauli ndiyo siku anayorudi maskani. Tunashangazwa na wepesi wa kumpeleka rumande kijana mwenye kete mbili, ilhali mwenye boti hatajwi hata kwa fumbo.

Serikali haina budi kuupima ulinzi wake kwa mambo mengine pia. Itangaze kilo zilizokamatwa pamoja na mahali zilipokamatwa, saa za doria zilizofanywa baharini, na kesi ngapi zimefika kwa wafadhili wa biashara hii badala ya kuishia kwa wachuuzi. Afghanistan ilipiga marufuku kilimo cha afyuni mwaka 2022, na mwaka uliofuata mashamba yalipungua kwa asilimia 95, lakini asijidanganye mtu: majahazi yale yale hubeba pia methamfetamini, ambayo haihitaji shamba la afyuni.

Kusi inapovuma kwa nguvu bahari huchafuka na majahazi hayo hupungua. Kaskazi ikiingia hurudi. Kabla haijaingia, tungependa kuona boti za KMKM zina mafuta ya kutosha, si za Unguja peke yake bali na za Pemba, na masheha wa pwani wamepewa mtu wa kumpigia simu usiku ambaye ataipokea.