Hofu Nayo Ihesabiwe

Taarifa nyingi za wanyamapori huanza kwa hesabu: nyumbu wangapi, tembo wangapi, simba wangapi. Hesabu hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Simba akamatapo swala mmoja, hubadilisha mwenendo wa wengi waliobaki. Wataacha malisho fulani, watakunywa maji kwa haraka, watainua vichwa mara kwa mara badala ya kula. Wahenga walikwisha sema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sayansi imeonyesha kwamba mshtuko huo waweza kubadili hata uoto wa nchi.

Mfano ulio wazi watoka Gorongosa, nchini Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu tangu 1977 hadi 1992, viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa wa hifadhi hiyo. Chui na mbwa mwitu walitoweka. Simba wachache tu walisalia. Ndipo pongo, ambaye kwa desturi hujificha vichakani, alipoanza kulisha katika uwanda usio na miti. Huko alipata chakula bora zaidi, na mimea aliyoipenda ikadumaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wanasayansi waliweka vipaza sauti vilivyotoa mlio wa chui, pamoja na harufu ya wanyama wala nyama. Pongo wakasogea kuelekea penye miti. Hakuna pongo aliyeuawa katika jaribio hilo; hofu peke yake ilitosha.

Je, ni mnyama gani anayeogopwa kuliko wote? Wengi watajibu kuwa ni simba. Lakini jaribio lililofanywa katika eneo la Kruger, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2023, lilitoa jibu jingine. Sauti za watu wakizungumza kwa utulivu zilisikizishwa penye visima vya maji, na sauti za simba vilevile. Kati ya spishi 19 zilizochunguzwa, karibu asilimia 95 zilikimbia zaidi, au ziliondoka majini upesi zaidi, kwa sauti ya binadamu kuliko ya simba.

Hata hivyo, hofu hiyo si ya kipofu. Huko Amboseli, Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tembo walijikusanya na kurudi nyuma zaidi waliposikia sauti za wanaume wa Kimasai, ambao mara nyingine hugombana nao juu ya maji na malisho, kuliko sauti za wanaume wa Kikamba. Sauti za wanawake na wavulana hazikuwatisha kiasi hicho. Basi mnyama hupima mwenendo wa mtu. Na kama ndivyo, mtu akibadili mwenendo wake, hofu nayo yaweza kubadilika.

Hapa ndipo penye jambo la kutiliwa maanani. Uchunguzi wa mwaka 2018, uliojumlisha spishi 62 za mamalia katika mabara sita, ulionyesha kwamba wanyama wanaosumbuliwa na binadamu huhamishia shughuli zao usiku, hata pale ambapo watu hao wanapita tu bila kuwinda. Kwa mkulima aishiye kando ya hifadhi, hilo si jambo dogo: tembo anayejificha mchana huweza kuingia shambani usiku, wakati ambapo ni vigumu kumwona na hatari kumfukuza.

Huenda ikasemwa kwamba hofu ya binadamu ni kinga ya mazao. Ni kweli, lakini kinga hiyo ina mahali pake. Hofu yafaa mpakani mwa shamba. Haifai penye kisima cha pekee wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mipango ya hifadhi haina budi kuonyesha mahali ambapo wanyama wataachwa wanywe kwa amani, njia ambazo magari ya watalii hayatatoka nje yake, na saa ambazo watu wataondoka penye maji. Mpango unaohesabu vichwa tu utashangaa siku moja kuona mimea ikibadilika ilhali idadi ya wanyama ni ileile.

Shule nazo zaweza kuchangia elimu hii bila vyombo vya gharama. Mwanafunzi mmoja amwendee ndege taratibu, na mwenziwe apime kwa hatua umbali uliobaki ndege anaporuka. Zoezi lirudiwe mara nyingi, uwanjani mwa shule na kisha kichakani mbali na watu, kwa aina ileile ya ndege. Tofauti ya vipimo hivyo, ikiwapo, itakuwa kipimo cha hofu, na darasa litaona kwamba nyayo za mtu huacha alama hata pale asipogusa kitu.