Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: Bembea peke yake haimfundishi kushika kikombe

Mzazi wa Misugusugu mwenye mtoto aliyepata mtindio wa ubongo hupiga hesabu nyingi kabla ya kumpeleka mazoezini. Kuna bodaboda hadi Barabara ya Morogoro, kuna daladala ya kwenda Hospitali ya Tumbi, na kuna siku nzima ya biashara inayopotea. Akielekezwa CCBRT, Msasani jijini Dar es Salaam, safari inakuwa ndefu zaidi, na mtoto wa miaka sita habebeki kama wa miezi sita. Kwa hiyo swali la tiba ipi inafaa si la wataalamu peke yao. Linagusa mfuko wa familia na mgongo wa mama.

Miongoni mwa tiba ambazo wazazi husikia zikisifiwa ni ile ya kuunganisha hisi. Mtoto hubembezwa, husuguliwa ngozi kwa brashi laini, huchezea mchanga au huviringishwa juu ya mpira mkubwa. Wapo wanaoambiwa kuwa hiyo ndiyo itakayomfanya mtoto akae, ashike na atembee. Kabla ya kutoa fedha, ni vizuri kujua ilikotoka na inafika wapi.

Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo unapoumia ukiwa bado unakua, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano kali ya uchanga, homa ya uti wa mgongo na malaria kali ni baadhi ya sababu. Si laana, wala si kosa la mama. Tena si jambo la nadra: utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wana hali hiyo.

Wengi huona miguu iliyokakamaa na mikono iliyokunjwa, wakadhani tatizo ni misuli tu. Lakini ubongo unaoamuru misuli ndio pia unaopokea habari kutoka mwilini. Shuleni watoto hufundishwa milango mitano ya fahamu, ila ipo mingine isiyoonekana: mmoja huujulisha ubongo mkono na mguu viko wapi hata macho yakiwa yamefumbwa, na mwingine hulinda mizani ya mwili. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwekewa kijiko kiganjani, asijue bila kutazama kama ni kijiko au ufunguo. Mwingine hulia nyasi zikimgusa nyayo, na ndugu wakasema anadeka. Hadeki. Ngozi yake inapeleka habari ambazo ubongo hauwezi kuzipanga.

Tiba ya kuunganisha hisi ilianzishwa na Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, ambaye kitabu chake kikuu kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1972. Yeye alianza na watoto waliokuwa na shida ya kujifunza shuleni, si watoto wenye viungo vilivyokakamaa kwa mtindio wa ubongo. Baadaye tiba ikahamishiwa kwa hao pia.

Je, inawasaidia? Mwaka 2013 Iona Novak, mtaalamu wa tiba kazi wa Australia, pamoja na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu tiba za mtindio wa ubongo na kuzipanga kama taa za barabarani: kijani kwa zinazofaa, njano kwa zenye mashaka, nyekundu kwa zisizofaa. Kuunganisha hisi hakukupata taa ya kijani. Walihitimisha kuwa hakuleti matokeo yanayotarajiwa kwa watoto hawa, na hakupaswi kuwa tiba ya kawaida kwao.

Walichokuta kinafaa ni kumzoeza mtoto kitendo chenyewe anachohitaji. Anayetaka kushika kikombe azoezwe kwa kikombe. Anayetaka kuvaa gauni azoezwe kwa gauni, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili. Mtoto ambaye upande mmoja wa mwili ndio dhaifu anaweza kuvalishwa soksi kwenye mkono mzima kwa muda maalumu, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Hilo lifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu, maana muda na umri hupimwa.

Habari njema kwa mzazi aliye mbali na hospitali ni kwamba mazoezi ya nyumbani yamo kwenye taa ya kijani. Katika utafiti mwingine wa Novak, uliochapishwa mwaka 2009, wazazi walipangiwa na mtaalamu mazoezi ya kufanya na watoto wao. Kwa wastani walifanya mara 17 hivi kwa mwezi, kila mara takriban dakika 17. Baada ya wiki 8 watoto wao walikuwa wamepiga hatua kuliko wale ambao hawakupangiwa. Dakika hizo zinapatikana maharage yakiwa jikoni.

Haina maana kwamba hisi ziachwe. Mtoto anaposhikishwa kikombe, aguse kwanza cha bati, kisha cha plastiki, ahisi chenye uji vuguvugu na chenye maji ya baridi. Anapoogeshwa, atajiwe kiungo kinachosuguliwa na asaidiwe kujisugua mwenyewe. Anapokaa mkekani, awe ameegemezwa vizuri, nyayo zake ziguse chini. Hapo hisi zinajifunza ndani ya kazi, si pembeni yake. Na kubembezwa kwenye kanga na watu wazima wawili kubaki mchezo wa kumfurahisha na kumtuliza. Furaha nayo ni haki yake, ila isiuzwe kama dawa.

Yapo ya kuchunga. Mtoto mwenye kifafa asizungushwe wala kubembezwa kwa kasi bila ushauri wa daktari. Asilishwe akiwa amelala chali, kwani chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Mchele, maharage na kokoto za kuchezea visiachwe mbele ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono wa mzazi, kwa sababu ngozi ya mtoto huenda isimjulishe mapema kuwa yanaunguza. Kiungo kilichokakamaa kisinyooshwe kwa nguvu. Mtoto akilia kwa maumivu, zoezi lisimame.

Mzazi anayekwenda kliniki achague lengo moja au mawili tu, yale yatakayopunguza mzigo nyumbani: kukaa bila kushikwa wakati wa kula, kuonyesha kuwa anataka kujisaidia, kunyanyua mikono wakati wa kuvishwa. Alitaje kwa mtaalamu, kisha aulize: “Zoezi hili litamwezesha mwanangu kufanya nini nyumbani, na tutajuaje baada ya miezi miwili?”

Mtaalamu mzuri hachukizwi na swali hilo. Atajibu kwa kitendo kinachoonekana, atamwonyesha mama, baba au bibi namna ya kukifanya, na atawaacha wajaribu mbele yake kabla hawajaondoka. Jibu likiwa ni kuongeza siku za bembea tu, basi nauli ya safari ijayo inaweza kupata kazi nyingine.