Wanaoitunza pip walipwe

Novemba 30, 2020 lilitoka toleo la 20.3 la pip, na ndani yake kazi iliyokuwa ikidaiwa tangu 2013: kupatanisha maktaba zenye masharti yanayogongana. Kwa miaka saba kasoro hiyo ilijulikana, iliandikwa, ikajadiliwa weee. Kilichokosekana ni watu wa kulipwa waikalie mpaka iishe.

pip ndiyo programu inayowaletea waandishi wa Python maktaba zilizotengenezwa na wengine. Tangu Python 3.4 ya mwaka 2014 inakuja pamoja na lugha yenyewe, hivyo benki, chuo au kampuni changa yenye mfumo wa Python inaweza kuwa inaitegemea bila mkurugenzi wake kuwahi kulisikia jina hilo.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Mradi wako unahitaji maktaba mbili, na zote mbili zinaitegemea ya tatu. Moja inaitaka iwe chini ya toleo la 2, nyingine inataka toleo la 2 kwenda juu. pip ya zamani ilifuata sharti la kwanza ililokutana nalo, ikaendelea na safari. Mradi ulionekana umekamilika, kisha ukaanguka baadaye mbele ya mteja, na mtu akakesha akitafuta chanzo. pip ya sasa hurudi nyuma na kujaribu matoleo mengine hadi yapatane. Yasipopatana husimama hapo hapo na kutaja ni maktaba ipi inataka nini.

Kazi hiyo si ya kumalizwa jioni baada ya ajira. Kila maktaba ina matoleo mengi na kila toleo lina masharti yake, kwa hiyo michanganyiko ya kukagua huongezeka haraka mno. Juu ya hayo, mara nyingi pip ililazimika kupakua kifurushi kizima ili kusoma masharti tu. Ndiyo maana baada ya toleo la 20.3 wapo waliolalamika kwamba inapakua toleo baada ya toleo bila kikomo. Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu anayefanya kazi kwa bando la simu, hizo ni shilingi zinazoteketea. Nafuu ilianza kuonekana 2023, PyPI, ghala kuu la maktaba za Python, lilipoanza kutoa maelezo ya masharti peke yake, bila mzigo wote.

Waliojitolea walijaribu. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja aliianza kazi hii kupitia mpango wa Google Summer of Code. Lakini iliiva pale Mozilla na Chan Zuckerberg Initiative walipotoa jumla ya dola 407,000 kupitia Python Software Foundation. Fedha hizo ziliwalipa wahandisi, pamoja na wataalamu waliowauliza watumiaji wanakwama wapi na ujumbe gani wa kosa hawauelewi. Kisha ufadhili ukaisha, na sehemu kubwa ya utunzaji ikarudi kwa watu wa kujitolea.

Hatari ya kumwachia mzigo mtu asiyelipwa tumeiona upande wa lugha ya JavaScript. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba ya event-stream, ambaye hakuwa akiitumia tena, aliikabidhi kwa mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Mgeni huyo akaiingizia kifurushi chenye msimbo wa kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Lawama nyingi zilimwangukia mtunzaji. Waliokuwa wakiitumia kazi yake bila kutoa senti hawakuulizwa chochote.

Yupo atakayesema pip imepitwa na wakati, kwamba programu mshindani ya uv ya kampuni ya Astral, iliyotoka 2024, ina kasi zaidi. Ni kweli ina kasi, na ushindani tunaukaribisha. Hata hivyo pip ndiyo inayokuja na Python, ndiyo wanayoanza nayo wanafunzi wengi, na miradi mingi ya zamani imejengwa juu yake. Hata huyo mshindani huchota maktaba zake kutoka ghala lile lile la PyPI, nalo linahitaji watunzaji.

Tunashauri mambo matatu. Kampuni na taasisi za serikali zinazojenga mifumo kwa Python zitenge fungu la kila mwaka la kuchangia utunzaji wake, kama zinavyotenga la umeme na intaneti. Fungu likiwa dogo, ziwape wahandisi wao saa za kazi za kujaribu matoleo mapya kabla hayajatoka rasmi na kuripoti kasoro kwa maelezo yanayoweza kurudiwa na mwingine. Ripoti ya msanidi aliyejaribu pip kwenye mtandao unaokatika-katika ina thamani kwa watunzaji ambao hawajawahi kufanya kazi katika hali hiyo. Tatu, vyuo vyetu viikubali kazi ya kurekebisha chombo kilichopo kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, badala ya kudai kila mwanafunzi abuni programu mpya itakayosahaulika baada ya mahafali.

Dola 407,000 zilitosha kuisogeza hadi mwisho kazi iliyokwama miaka saba. Kasoro nyingine bado ziko kwenye orodha. Wanaofaidika na pip wasisubiri Mozilla irudi.