Toleo Jipya Likija, Lipime Kabla Halijampima Mgonjwa

Leo nataka tuzungumze kuhusu programu ambayo wagonjwa wengi hawajui hata kama ipo. Damu yako ikishapimwa na mashine ya maabara, jibu haliruki lenyewe hadi kwenye tarakilishi ya daktari. Kuna programu katikati inayopokea ujumbe wa mashine, kuutafsiri na kuupeleka kwenye faili lako. Mojawapo inayojulikana sana ni Mirth Connect, na lugha inayotumika zaidi kwenye ujumbe huo huitwa HL7.

Swali langu ni hili: toleo jipya likitoka, nani analijaribu? Mara nyingi fundi hupakua, husakinisha, huwasha, na akiona hakuna kilichozima anasema kazi imekwisha. Mimi nasema ndiyo kwanza inaanza.

Programu ikizima kabisa si balaa kubwa. Kila mtu ataona, na maabara itarudi kuandika kwenye karatasi. Balaa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikisema uongo. Chukua mfano wa sukari. Katika HL7, jibu la kipimo hukaa kwenye mstari uitwao OBX: sehemu ya 5 ni thamani, sehemu ya 6 ni kizio. Sukari ya 22 mmol/L iko juu sana, sawa na kama 396 mg/dL. Lakini 22 mg/dL ni sukari iliyoshuka kiasi cha kuua! Nambari ni ile ile, ila mmoja anahitaji insulini na mwingine anahitaji sukari haraka. Toleo jipya likiisoma vibaya sehemu ya 6, daktari atajuaje?

Kuna watakaosema, basi tubaki na toleo la zamani. Hapana. Mwaka 2023 Mirth Connect 4.4.0 ilitolewa ikisemekana imeziba tundu la usalama. Watafiti wakagundua kwamba tundu bado lingeweza kupenywa, ikabidi litoke toleo la 4.4.1. Mwezi Mei 2024, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, liliingiza tundu hilo kwenye orodha yake ya yale yanayotumiwa na wavamizi. Kwa hiyo kukaa na la zamani ni hatari, na kuamini maelezo ya toleo jipya bila kujaribu ni hatari pia.

Tena msiniambie kwamba programu imefanya kazi miaka mingi. Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani, ilirithi sehemu za programu kutoka Therac-20. Ile ya zamani ilikuwa na vizuizi vya vifaa vyenyewe vilivyoficha makosa ya programu. Vizuizi hivyo vilipoondolewa, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao wakafa.

Sasa tufanye nini? Kwanza, sakinisha toleo jipya kwenye tarakilishi ya pembeni. Hata laptopu ya zamani inaweza kutosha. Pili, kusanya ujumbe halisi wa kila mashine, kisha ubadilishe majina na nambari za wagonjwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Usichague ujumbe mzuri tu. Weka jibu kama "<0.1", jibu lililorudiwa, na jina la kubuni lenye alama kama ya Ng'ang'a, ambayo imeshaangusha programu nyingi. Tatu, pitisha ujumbe ule ule kwenye toleo la zamani na jipya, ulinganishe matokeo mstari kwa mstari. Tofauti usiyoweza kuieleza, simama hapo. Nne, chomoa kebo katikati ya kazi uone kama majibu yatapotea au kuja mara mbili. Tano, weka nakala ya hifadhidata na ujaribu kuirudisha, kwa sababu Mirth Connect hubadilisha muundo wa hifadhidata toleo jipya linapowashwa mara ya kwanza. Mwisho, mtu wa maabara atie sahihi, si fundi peke yake.

Jambo hili ni la sasa hivi. Kuanzia toleo la 4.6 la mwaka 2025, Mirth Connect si programu huria tena, kwa hiyo hospitali nyingi zitalipa au zitahama. Kuhama nako kunahitaji majaribio yale yale, tena zaidi.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyeandika toleo jipya amelijaribu kwa mashine zake, si kwa zile zilizo kwenye maabara yako. Hospitali isiyo na siku mbili za kujaribu, isiguse kitu mpaka izipate.