Muuaji Tumempata, Mtu Hatukumwona

Stieg Larsson, mwandishi wa habari wa Uswidi aliyefariki mwaka 2004 kabla riwaya yake ya kwanza haijapigwa chapa, aliipa riwaya hiyo kwa lugha yake jina lenye maana ya wanaume wanaowachukia wanawake. Na jina hilo, ambalo wachapishaji wa Kiingereza waliliacha wakashika la msichana mwenye chale ya joka, ni ahadi nzito kwa msomaji, kwamba atafunga kitabu akiwa amefahamu chuki hiyo huotaje moyoni mwa binadamu. Ahadi hiyo, kwa maoni yangu, haikutimizwa, na taksiri haimo katika kisa, bali katika wahusika.

Kisa kimefumwa kwa ustadi. Mzee Henrik Vanger, aliyepotelewa na mjukuu wa nduguye mwaka 1966, huletewa kila siku yake ya kuzaliwa ua lililokaushwa na kutiwa katika fremu. Na mbele ya ukuta ule wa maua twauona msiba wake bila ya kusimuliwa. Lakini Mikael Blomkvist, mwanahabari anayeuchunguza upotevu huo na tunayefuatana naye safari nzima, hufungwa jela, hupendwa na wanawake kadha wa kadha, hutiwa kitanzi shingoni katika chumba cha chini ya ardhi, na baada ya masaibu yote hayo hulka yake ni ile ile. Muuaji wa wanawake naye, jirani mkarimu aliyemwalika mgeni chakula cha usiku, hujieleza kwa kurasa chache tu, kisha hufa. Ilhali kompyuta ya Lisbeth Salander, msichana huyo mwenye chale ya joka, imehesabiwa sifa zake moja baada ya moja.

Wako watakaosema kuwa riwaya ya upelelezi ni kitendawili, na kitendawili hakidai nafsi. Henning Mankell, Mswidi vilevile, amekwisha kuwajibu: mpelelezi wake Wallander, tangu mwaka 1991 hadi 2009, alizeeka, akaugua, akaanza kupotewa na kumbukumbu, akiwa mwana wa mchoraji aliyechora umri wake wote mandhari moja, mara ina ndege, mara haina.

Mwandishi akitufichulia mkono uliotenda pasipo kutuonyesha moyo uliouamuru, twaliwazika kwamba mwovu amekufa. Na kesho, mwingine mfano wake akitualika chakula, tutakwenda.